Saa Sita ya Usiku, Mimi na Bi Time

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, nyumba nzima inanuka nguo mbichi. Sijapata usingizi wa maana wiki nzima.

Nilimshuku mama wa mume wangu kuwa ni mchawi.

Haya, nimeshaandika.

Nimezaliwa Wambaa, kijiji kinachosemwa kwa uchawi. Huko tulikua tukiiogopa saa sita ya usiku, kwa sababu ndiyo saa wanga, wachawi wa usiku, wanatoka. Ukisikia unaitwa jina, usiitike. Nguo za mtoto zisilale kwenye kamba. Leo nafundisha sayansi, na bado nguo za Nasra, binti yangu wa miezi saba, nazianua kabla ya magharibi.

Mume wangu yuko kazini Unguja, nasi tunakaa Tibirinzi kwa mama yake, Bi Time. Wiki iliyopita Nasra alianza kulia usiku, homa inakuja na kuondoka. Usiku wa kwanza nikasikia mlango wa uani. Nikatazama simu: sita kamili.

Usiku wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

Asubuhi Bi Time akinyoosha mikono ampokee mjukuu wake, nasema ananyonya. Nasema kalala. Sikutaka amguse.

Jana usiku nilimfuata. Nilimkuta chini ya dirisha langu, amekalia mbuzi ya nazi, anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Namlinda mjukuu wangu."

"Na nani?"

"Kila saa sita weye u macho. Nakusikia watembea chumbani. Watu waniuliza, huyo mkweo wa Wambaa wamjua vyema?"

Nilikuwa natembea chumbani nikimsikiliza yeye!

Nikamwambia yote. Hakuna aliyeomba radhi. Nasra akalia, tukaingia pamoja, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikamkabidhi. Akampapasa kichwa polepole. Alipofika sikio la kushoto, mtoto akapiga ukelele.

"Sikio hili," akasema.

Asubuhi daktari alisema hivyo hivyo, akatupa dawa. Siku zote hizo mwanangu anaumwa, na mikono iliyojua pa kugusa nimeizuia mimi.

Nasra amelala sasa. Mchana nilimpakulia Bi Time muhogo wa nazi. Akaniangalia, akasubiri nionje mimi kwanza. Nikala. Ndipo naye akala.

Nitamlaumu vipi?