Chokaa Juu ya "Haiuzwi"

Ijumaa, 5 Aprili 2024
Basi nimeamua. Nauza nyumba. Naandika hapa ili kesho nisijifanye nimesahau.

Dada Specioza kapiga simu tena kutoka Nyalikungu, kule Maswa. Jana kaweka chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote, akacheka peke yake. Macho yanakwisha, na hana mtu. Pale kwake kuna nafasi ya kujenga vyumba viwili, tukae wote tugombane kama zamani. Lakini bila kuuza hapa nitajengea nini? Mate?

Nimemwita dalali, Nuruddin. Kijana wa maneno! Kasema nyumba ya Somanda, karibu na hospitali, haikai sokoni — kizuri chajiuza. Chai haijapoa, kasema soko limelala. Tusubiri Idi ipite, halafu watu wauze pamba. Sasa tushike lipi?

Jumapili, 14 Aprili
Idi imepita. Nuruddin kapiga picha ya nyumba, kairusha status: INAUZWA HARAKA. Simu zikaanza hata sijatoka kanisani. Nikafurahi — kumbe watu wanapiga kucheka! Faudhia wa dukani yeye hakucheka. Alinipigia kunionya kwamba kuna tapeli anauza nyumba yangu.

Ni ule ukuta wa mbele. Kwenye picha unasomeka vizuri, rangi nyekundu ya mafuta: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI.

Kazi ya marehemu mume wangu, Athanasi. Mwaka ule tapeli alimuuzia mtu nyumba ya jirani yetu, mwenyewe yuko msibani. Kesho yake Athanasi akapanda kwenye stuli na kopo la rangi. Herufi zimeteremka kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Nilimgombeza wiki nzima. Siku hizi napita pale hata siyaoni hayo maandishi. Wewe Athanasi, umelala kaburini kwenu Kiloleli na bado unanipinga!

Jumanne, 23 Aprili
Nimepiga chokaa mara mbili juu ya maandishi. Ukuta mweupe, mimi mweupe zaidi.

Na mteja kaja! Mzee Mboje, kutoka Itilima, fimbo mkononi. Kanisalimia kwa Kisukuma: mwadila, mayu, yaani mama. Nikaitikia. Kaikagua nyumba kama yuko mnadani — kagonga kuta, kazunguka nyuma, kauliza kama kuna kaburi. Hakuna. Tukafika kwenye bei. Anataka kulipa kwa ng'ombe. Ng'ombe! Nikamuuliza nitawaweka wapi, sebuleni? Kaichungulia sebule kwa uzito wote, kasema inatosha wawili tu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nyumba anaitaka kwa ajili ya mkewe, anayekuja kliniki hapo hospitali kila wiki na safari zinamchosha. Nikamwambia auze ng'ombe kwanza, ndipo arudi. Kaaga kwa heshima. Watu wa hivyo hawarudi.

Jumatano, 24 Aprili
Mvua. Chokaa yote iko kwenye maua. HAIUZWI iko pale pale.

Jumamosi, 4 Mei
Nimepiga chokaa tena. Mteja hakuna. Mwalimu mmoja alikuja, kanywa chai vikombe viwili, kasifu chai, kasema nyumba atafikiria. Nuruddin hapokei simu.

Jioni Specioza kapiga simu. Kaanguka mlangoni pa jikoni. Goti tu, kasema, acha kelele. Mimi sikupiga kelele. Nimeogopa sana. Bodaboda ilipita nje, nikatamani kuisimamisha inipeleke Maswa na masufuria yangu yote. Ee Mungu, mtu mmoja tu. Hata mwenye ng'ombe.

Alhamisi, 16 Mei
Mungu ana utani! Mzee Mboje kauza ng'ombe wake mnadani. Anakuja Jumatatu na mkewe, tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Leo Nuruddin kapokea simu kabla haijaita vizuri.

Nimempigia binti yangu Winnie, Mwanza. Kakubali, kasema shangazi ahudumiwe — hapana, mama mkubwa, nimeshaanza kuchanganya na mimi. Kisha kauliza: na yale maandishi ya baba? Nikamwambia nimeyapiga chokaa. Kasema haya mama, akakata simu.

Jumatatu, 20 Mei
Mvua imenyesha alfajiri. Natoka nje — HAIUZWI inanitazama, nyekundu kuliko mwanzo! Nikakimbilia ndoo ya chokaa. Nimechelewa, wageni hao wanaingia. Nikasimama mbele ya ukuta nimetanua khanga, mtu mzima mimi, eti naficha.

Mzee Mboje kaniomba nisogee. Akamsomea mkewe maneno yote, taratibu. Nikaanza kuomba radhi, kwamba nitayafuta leo hii. Kasema, "Usifute, mayu. Yabaki. Kuanzia leo nyumba ni yangu, nayo haiuzwi."

Wote wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Mkewe alikuwa anagusa herufi ya mwisho, pale Athanasi alipoyumba kwenye stuli na rangi ikachirizika. Kauliza nani aliandika. Mume wangu, nikasema. Kasema alikuwa na mkono mzuri. Hakuwa nao! Hajawahi kuwa nao hata siku moja! Nimemkumbuka leo kuliko siku ya mazishi.

Specioza kapiga. Kauliza kama nimeshasaini, maana ameshafagia chumba, kafagia kwa kupapasa. Nikamwambia bado kidogo.

Wako sebuleni sasa hivi. Karatasi iko mezani, kalamu iko juu yake. Nimewaambia siwezi kusaini bila miwani, nimeingia chumbani kuitafuta. Nuruddin kagonga mlango mara mbili — mama, tukusaidie kutafuta? Nimesema wakae, wanywe chai.

Miwani ninayo usoni.