Natafuta Nahodha na Fundi

Jumatatu, 12 Juni
Tangazo nimelibandika sehemu tatu: dukani, bandarini na kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa. Nahodha mmoja, fundi injini mmoja, mwongozaji mmoja wa kuingia majini na wageni. Waliokuja – wawili! Wa kwanza aliuliza kama kuna siku boti haitikisiki. Wa pili mzee Nikolasi, aliyenisalimia akidhani mimi ni mke wa mchungaji. Naye anataka unahodha!

Wenye nguvu zao wote wako Australia wanachuma matunda. Mwanangu Maika yuko huko huko, kwenye nyanya. Nimlaumu nani?

Boti haijatoka tangu Kitione afariki mwezi wa nane mwaka jana. Ofisini wameniambia wazi: kabla mwezi haujaisha ikaguliwe, nahodha na mwongozaji wakiwa ndani, la sivyo leseni ya kupeleka wageni kuona nyangumi inakwenda kwa anayefuata kwenye foleni. Miaka kumi na tisa ya mume wangu. Sijui nitafanya nini na siku zangu nikiikosa.

Jumatano, 14 Juni
Nimempata nahodha! Penisimani, wa kisiwa cha Haapai, leseni ni ya kwake na macho anayo. Mwongozaji pia – Lesieli wa jirani, anaogelea kuliko samaki, na mdomo wake haupumziki. Kelele zake zimenifurahisha. Fundi bado. Injini inakohoa, halafu kimya.

Ijumaa, 16 Juni
Penisimani kaondoka. Visa imetoka. Shangazi yake kaja na kikapu cha viazi vikuu kuomba radhi, kakaa saa nzima akisifia maembe ya Australia.

Sasa mjini kabaki mtu mmoja mwenye leseni ya unahodha, na injini anazijua kwa sauti. Sosaia.

Kaka yangu.

Nilipotimiza miaka kumi na miwili alihamishiwa nyumba ya wavulana. Tangu hapo hatujakaa chumba kimoja, hatujataniana, hata chumvi hatupeani mkono kwa mkono. Ndivyo heshima ya kaka na dada ilivyo kwetu, sina ugomvi nayo. Kitione ndiye aliyekuwa akitupelekea maneno: “Shemeji kasema hivi, dada yako kajibu vile.” Mara nyingine aliongeza ya kwake, mwongo yule. Tangu azikwe sijui hata kama Sosaia bado anaumwa goti.

Na boti yenyewe urefu wake hatua tisa.

Jumapili, 18 Juni
Kanisani alikaa mbele, mimi nyuma kabisa. Shingo yake imezeeka. Mkewe yuko Auckland analea wajukuu, mwaka wa pili huu. Kola ya shati haikupigwa pasi vizuri.

Nikamwomba mke wa mchungaji, Mama Vika, amfikishie ombi langu la unahodha. Akanitazama.

“Wewe ni dada yake. Ukimwomba, anaweza kukataa?”

Hawezi. Kwetu kaka hamkatalii dada yake.

“Basi hilo si ombi, mwenzangu. Hiyo ni amri.”

Kweli tupu. Nikimwita atakuja, hata akiwa na homa, hata kama hataki kuiona boti ile. Na mimi sitajua kamwe kama alitaka. Nimemwambia Mama Vika aache.

Nimepika majani ya magimbi kwa tui, ya watu watatu. Mkono umezoea. Nimekula peke yangu, redio imewashwa ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Nina upweke. Nimeuandika, basi.

Jumanne, 20 Juni
Nimefika bandarini saa nne. Injini imefunuliwa na kufunikwa tena, mkanda mpya, mafuta mapya, plagi zimesuguliwa. Nikawasha – ikaitika mara moja!

Lesieli akashindwa kuvumilia. “Mjomba Sosaia alikuja alfajiri. Kasema nisikuambie. Nakuambia.”

“Nani kamtuma?”

“Hakuna. Kaliona tangazo dukani. Kauliza tu dada yake hufika saa ngapi, ili awe keshaondoka.”

Nilijifanya nasugua sitaha. Nililia sana.

Kwa kinywa cha Lesieli mambo yamekamilika: Sosaia nahodha na fundi, Lesieli mwongozaji, mimi nchi kavu kupokea wageni.

Alhamisi, 22 Juni
Alfajiri ni yake, mchana ni wangu. Naacha mihogo na samaki chini ya kitambaa. Sahani naikuta imeoshwa. Leo kaacha limau moja.

Jumatatu, 26 Juni
Sikio la Lesieli! Limevimba mpaka shavuni. Daktari kamkataza maji wiki sita. Ukaguzi ni kesho.

Cheti cha uongozaji ninacho, cha enzi za Kitione.

Mama Vika kashika kichwa. “Uvae ile nguo ya mpira ya kuzamia, inayobana mwili, mbele ya kaka yako? Mimi ningekufa hapo hapo.”

Nitavaa sketi ndefu juu yake, na mkeka wa heshima kiunoni, kama wa kanisani. Nikizama, nizame na adabu zangu.

Jumanne, 27 Juni
Naandika kwa penseli, ndani ya boti, nyuma kabisa. Mvua imetukamata nje ya ghuba, tunasubiri ipite. Daftari liko ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na mkono wangu.

Asubuhi nilikuta Sosaia katundika turubai katikati ya boti, ukingo hadi ukingo. Yeye na usukani huko, mimi huku. Kalishona mwenyewe, mishono ya fundi injini. Mkaguzi akasema litoke, nahodha lazima aone nyuma. Sosaia akalifungua fundo kwa fundo, macho yake baharini.

Vizima moto, sawa. Maboya, sawa. Redio, sawa. Limebaki zoezi moja: mtu kaanguka majini. Mwongozaji anaruka, nahodha anamfuata na kumvuta ndani. Kwa mikono.

Nikamwambia mkaguzi huyu ni kaka yangu.

“Najua, mama. Hata mimi nina dada. Lakini fomu haina nafasi ya dada.” Kisha akapunguza sauti: “Ukisema hapana, hakuna wa kukulazimisha. Nitaandika halikufanyika. Halafu leseni, unajua mwenyewe.”

Kwa hiyo wananingoja mimi. Neno langu moja na Sosaia anageuza boti, hanung'uniki. Ninalo neno hilo, na sitaki kuwa nalo.

Mvua inapungua. Mkaguzi anafunga kopo lake la biskuti. Sosaia kazima injini. Anakunja mikono ya shati, wa kulia, sasa wa kushoto. Anachechemea – goti bado.

Kaja hadi katikati, pale lilipokuwa turubai. Hanitazami. Anaongea, nami nilidhani ni na mkaguzi.

“Dada. Maji ni ya baridi. Ruka upande huu niliko.”

Miaka arobaini na moja, na sauti ni ya baba kabisa. Navua mkeka, mafundo hayataki kufunguka. Daftari nalifunga, naruka upande wake.