Ubavu wangu na kucha za Maman Nabintu

Alhamisi. Mvua imepiga mtaa wetu wa Kadutu tangu alfajiri, njia yote ya kwetu ni matope, na umeme umekatika mara tatu. Naandika kwa simu na betri inaisha, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka.

Ubavu unauma. Wa kuume, chini ya mbavu, palepale pa siku zote.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: nina miaka arobaini na mmoja, nina kibanda cha bureautique karibu na soko, nachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Nilikunywa miaka kumi na sita. Nilianza na kasiksi, pombe ya ndizi ambayo huku kwetu hakuna arusi wala matanga bila hiyo, nikashukia kanyanga, pombe kali ya kienyeji, mwishowe nikawa nameza na vidonge vya kutuliza maumivu wakati siumwi popote. Mke wangu alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akamchukua binti yetu Élodie na kurudi kwa wazazi wake Kamanyola. Simlaumu hata kidogo. Niliacha mwaka jana kabla ya Pasaka, na tangu siku hiyo sijagusa.

Sasa sikieni maajabu. Miaka yote ile nililala mtaroni nikaamka mzima. Nimeacha, nalala kitandani kama mtu wa heshima, naamka nimejishika ubavu kama mtu aliyepigwa teke.

Vipimo nilivifanya vyote. Damu, mkojo, ekografia ya tumbo mara mbili. Ini liko sawa, figo ziko sawa, mfuko wa nyongo uko sawa, kongosho iko sawa. Niliyaona majibu kwa macho yangu, normal, normal, normal, mpaka chini ya karatasi. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilitaka kulia, maana ugonjwa wenye jina unajua pa kuushika.

Lakini yule daktari nitamsifu mpaka nife. Ni mwanamke kijana, mwembamba, anaongea polepole. Wengine wakisikia tu kwamba uliwahi kuwa mlevi, wanakuangalia kana kwamba umekuja kuwaibia muda. Huyu aliweka kalamu chini akaniangalia usoni. "Papa, naamini iko nakuuma," akasema. "Lakini juu ya nini, sijue." Akanieleza kwamba mwili uliopigwa miaka mingi unaweza kulalamika bila mashini kuona kitu, kwamba hataacha kutafuta, nirudi baada ya miezi mitatu, na nirudi mbio macho yakiwa manjano au nikitapika damu. Vidonge vikali alininyima. "Hiyo sababu unaijua mwenyewe," akasema, na tukacheka wote wawili.

Katika mji huu, mtu aliyevaa blouse nyeupe ya hospitali kusema "sijue" anahitaji moyo. Nilitoka pale nikiwa na maumivu yaleyale lakini na mgongo ulionyooka.

Shida ni kwamba "sijue" ya daktari, ikifika kwetu, haiachwi wazi. Watu wanaijaza.

Aliyeijaza ni dada yangu mkubwa, Yaya Béatrice. Nisiwe mwongo, bila huyo mwanamke mimi leo ni kaburi. Ndiye aliyenichukua kwake wakati hata mbwa wa avenue, mtaa wetu, walikuwa wamenichoka. Wiki mbili za kwanza, nilipokuwa natetemeka na kuona wadudu ukutani, alitandika mkeka mlangoni akalala hapo ili nikitaka kutoka nimkanyage kwanza. Akipenda, anapenda kwa mikono miwili. Akikosea, anakosea hivyohivyo.

Alichukua karatasi ya ekografia, akaigeuza juu na chini, akasema, "Kama mashini haione kitu, basi ni karuho."

Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo mtu anawekewa kwenye chakula au kinywaji, ikamla ndani kwa ndani, na hospitali isiione. Hakuna familia hapa isiyokuwa na marehemu wake wa karuho. Jumapili baada ya misa Yaya akaleta mganga kutoka upande wa Walungu, na majani yake ya kuchemsha. Nilitapika mpaka miguu ikakataa kunibeba. Mganga akachungulia ndani ya beseni, akasema ameiona. Ni mwanamke wa karibu, akasema, anayeninywesha kitu cha moto.

Jina hakulitaja. Hakuhitaji.

Anayeninywesha kitu cha moto ni mmoja tu, Maman Nabintu, mjane anayeuza bouillie, uji wa mtama na soya, penye mlango wa parcelle, kiwanja chetu. Tangu nilipoacha pombe, kila asubuhi ananipa kikombe. Siku ya kwanza aliniambia kwamba mtu aliyeacha kunywa anaamka na mikono isiyojua ishike nini, basi nishike hiki. Na kabla ya kukupa, anachota kidogo na kijiko, anaonja mbele yako, ndipo anakunyoshea kikombe kwa mikono miwili. Ndiyo desturi ya kwetu Bushi, anayetoa kinywaji anakitangulia mdomoni. Anawafanyia wote hivyo, hata mtu anayekimbilia kazi na kumpigia kelele afanye haraka.

Sasa mtu anayeonja kwanza atakuwekea sumu namna gani? Yaya alikuwa na jibu, na kila mtu hapa analijua tangu utoto. "Iko inakaa mu kucha ya kidole ya gumba. Anaonja, kisha anachovya."

Hapa nakuja kwenye aibu yangu, na nitaiandika kama ilivyo.

Sikuamini hata neno moja. Lakini nilipenda.

Nilipenda, ndiyo. Kama ni karuho, basi mimi si mlevi anayelipia ulevi wake, mimi ni mtu aliyeonewa. Watu ambao walikuwa wakivuka barabara wakiniona walikuja mpaka mlangoni, pole Papa Élodie, pole sana, wakaniletea machungwa. Jumatatu mke wangu akapiga simu kutoka Kamanyola, mara ya kwanza baada ya miezi mingi, habari zilikuwa zimemfikia. Sauti yake ilikuwa laini kama zamani. Akasema kumbe ulikuwa unateseka hivyo na sisi hatukujua. Ilikuwa nafasi ya kusema hapana, mama, si hivyo. Nikasema asante.

Siku nne nilinyamaza.

Jumatatu hiyohiyo sufuria ya Maman Nabintu ilirudi nyumbani nusu. Jumanne nilimwona amekaa mahali pake, mikono ameiweka juu ya meza wazi mbele ya kila mtu, na kucha zote kumi amezikata mpaka nyama. Kidole kimoja kilikuwa na damu iliyokauka. Hakumwambia mtu kitu, hakulia, hakutukana. Akitokea mteja, anachota, anaonja, ananyosha. Mimi nilipita upande wa pili wa njia, nikijifanya naongea na simu. Jumatano walionunua kwake labda ni wapita njia wawili wasiomjua. Alikaa hata hivyo mpaka saa yake ya kawaida ya kufunga, akaosha sufuria, akapanda na njia yake akiwa amenyooka. Mimi ningehama siku ya kwanza. Sijawahi kuona mtu mwenye nguvu ya namna hiyo, na nimeishi na watu wanaobeba magunia kilo mia mgongoni.

Na alijua hatari, kama sisi wote tunavyoijua. Mwanamke akishapewa jina la mtoa karuho, nyumba yake si nyumba tena. Wanamfukuza, na hiyo ndiyo bahati. Wengine hawakufika hata barabarani.

Leo asubuhi wanaume wawili wa avenue yetu wakaingia kibandani na maji ya mvua yakiwatoka. Walileta barua iliyoandikwa kwa mkono, ya kumpelekea chef d'avenue, mkuu wa mtaa, niichape na kutoa kopi tatu. Ilikuwa ya Kifaransa. Ilisema mimi, ndugu yao, nimepewa sumu na Maman Nabintu, na kwamba aondoke kabla ya Jumamosi, la sivyo vijana watafanya kazi yao.

Nikaanza kuchapa.

Ndiyo, nilianza. Nilichapa jina langu. Nilichapa jina lake. Na kwa mazoea ya kazi nilisahihisha hata makosa yao ya Kifaransa, nikaongeza mkato hapa, nikaondoa herufi pale, ili barua ya kumwangamiza mtu iwe safi. Nikafika kwenye neno "victime", aliyedhuriwa, ambaye ni mimi, na ubavu ukanibana. Ningependa kuwaambia ni dhamiri. Si dhamiri, ni yale maumivu ya kila asubuhi. Ilibidi niachie klavye ya kompyuta nijishike, na nikiwa nimejishika hivyo, bila kazi ya kufanya, nikaisoma ile barua mara ya kwanza kama mtu. Nikaiona mikono yake juu ya meza.

Nikawaambia sichapi.

"Papa Élodie, siye tuko nakusaidia weye!" mmoja akasema, na kwa kweli alishangaa. Wakachukua karatasi yao. Sehemu za kuchapisha ni nyingi Kadutu, si kwangu tu. Nikajua kwamba kukataa kwangu hakujamwokoa mtu.

Alhamisi ni siku ya shirika letu, jumuiya ndogo ya Wakristo wa avenue, tunakusanyika saa tisa nyumbani kwa mmoja wetu, tunasoma Injili, kisha mwenye neno anasema. Sikujua kama Maman Nabintu angethubutu kuja. Alikuja. Alikuja na kiti chake mwenyewe kichwani, ili mtu asipate shida ya kumpa nafasi. Akakiweka, akakaa, na pande zote mbili viti vilibaki vitupu.

Ilipofika saa ya maneno nikasimama. Nilisema hivi, au karibu na hivi:

"Hakuna mutu alinipa karuho. Sumu nilijinywesha miye mwenyewe, miaka kumi na sita, na munajua juu mulikuwa munaniokota. Mashini haikuona kitu, docta hajue, na miye sijue. Lakini huyu maman hakunifanyia kitu ila muzuri. Na nilijua tangu Jumapili. Nilinyamaza juu munionee huruma."

Yaya alikuwa ananivuta shati tangu neno la kwanza. "Unaniaibisha mbele ya watu," alininong'onezea, na alikuwa na haki, maana mganga alimleta yeye. Nilimwambia kwa sauti, wote wasikie, kwamba yeye alitafuta kuniponyesha, mwongo ni mimi. Halafu maneno yakaniishia nikabaki nimesimama tu, mvua inapiga mabati.

Aliyesimama wa kwanza ni Yaya. Haki ya Mungu, sikutegemea. Alivuka katikati ya chumba, akakaa kwenye kimoja cha vile viti vitupu, akaishika mikono ya Maman Nabintu ili amwombe msamaha, na hapo ndipo alipoona zile kucha kwa karibu. Akalia mpaka kitenge kikalowa. Dada yangu huyo, ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika mama. Mmoja wa wale wanaume wa barua alichukua kofia yake akatoka kabla ya sala ya mwisho. Mwenzake alibaki, akaitoa barua mfukoni, akampa kiongozi wa shirika. Kwa hiyo sitasema wote wameamini. Lakini barua haiko tena njiani.

Baada ya sala nilimkuta Maman Nabintu mlangoni anavaa buti zake za mvua. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya msamaha. Hakuniacha nifike nayo mbali.

"Siku ine, Papa Élodie. Nilizihesabu."

Nikasema ndiyo, maman.

"Watu walikuwa naniambia uliacha kunywa. Miye nilikuwa nasema, tutaona. Mulevi anasukumiaka wengine mambo yake." Akafunga buti ya pili, akanyanyuka, akaniangalia. "Leo njo nimeona uliacha."

Akaweka kiti kichwani akateremka na matope, wala hakuteleza.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia hapakuwa na karuho, palikuwa na mume mlevi. Akasema asante kwa kuniambia, akakata. Sijui asante hiyo ina nini ndani yake, na sitaijaza.

Ubavu bado unauma ninapoandika. Hakuna mtu wa kumsingizia tena, na labda daktari hatapata cha kusingizia hata baada ya miezi mitatu.

Nilikuwa najisifu hapa kila mwezi kwamba nimepita mwaka bila tone. Kwa hesabu ya Maman Nabintu, siku yangu ya kwanza ni leo. Kesho itakuwa ya pili.