Vitunguu vya Salim kwenye friji

Alief, Jumamosi ya Januari 2006

Asubuhi ukungu, mchana watu wamevaa fulana. Baridi ya Houston ndiyo hiyo, huja kama mgeni asiyevua viatu.

Bado nimo edani. Mume wangu, Salim, alifariki Novemba, moyo ulisimama akiwa kazini. Tangu hapo sivuki ua wa nyumba. Majirani wananiletea vyakula mpaka friji haifungiki, na leo mama mkwe akaamua kuipunguza. Yeye alitoka Mombasa alipopata habari, akafika tumeshamzika mwanawe.

Nilimkuta ameshika mfuko wa karatasi na kisu.

"Mwanangu, vitunguu gani hivi? Nataka kuvitia kwenye mchuzi, mbona havinuki?"

Nikamnyang'anya. Sijawahi kumnyang'anya kitu mkwe wangu.

Nikamweleza. Si vya kula, ni vya kupanda, vya maua ya tulipu. Tulipu hutaka baridi ya muda mrefu ndipo ichanue, na udongo wa huku hauna baridi hiyo, basi watu huviweka kwenye friji hadi Januari. Salim alivinunua mwenyewe. Alinikataza kuweka matunda karibu, eti hewa ya matunda yanayoiva huua ua likiwa bado ndani ya kitunguu.

Ndiyo maana machungwa yote ya msibani yako sakafuni. Mama alidhani ni majonzi yamenivuruga.

Aliweka kisu chini. "Vikichanua, mwakani vitachanua tena?"

"La, Mama. Huku ni mara moja tu, halafu hutupwa."

Nilidhani atasema tuvitupe sasa hivi. Akaenda kutafuta koleo la kuchimbia.

Tukatoka uani. Nilichimba, nikavipanga ncha juu. Nilipotaka kufukia akanishika mkono.

"Udongo nitatia mimi."

Akapiga magoti, na magoti yake ni mabovu. Akatia udongo kwa mikono, polepole, kila shimo na Bismillahi yake. Nilisimama na mpira wa maji nikimtazama. Hakulia. Mimi pia sikulia, na sijui kwa nini naliandika hilo.

Kisha akanawa, akauliza tunapika nini.

Eda yangu itaisha mwishoni mwa Machi. Maua huenda yakatangulia. Mjane hajipambi, hilo nalijua; kama chumba chake nacho hakipambwi, sijui.

Nitayakata, niyaweke upande wa Salim wa kitanda. Nimeamua sitamuuliza mtu.