Shikamoo ya Mzee Shomari

Jumanne, 1 Julai 1952

Sufi tena. Siku ya kumi na tisa. Natoka shule saa nane, nafika kibandani kwa Mzee Shomari hapa Mtoni, napewa vijiti viwili na lundo la sufi, nilipige mpaka lilainike. Yeye anashona magodoro na kutafuna kashata. Nilikuja kujifunza kirumbizi, mchezo wa fimbo, ambao huku kwetu hakuna aujuaye kama yeye. Nimekuwa kibarua wa magodoro. Sufi imeingia puani, kwenye nywele, hadi ndani ya madaftari ya wanafunzi wangu. Nimechoka. Lakini kesho nitakwenda tena.

Alhamisi, 3 Julai

Kanipa fimbo! Kanirushia bila neno, nikaidaka, hapohapo akanijia. Mikono ilizuia kabla sijafikiri. Kulia, kushoto, juu. Mapigo yaleyale ya sufi. Nimecheka peke yangu njia nzima. Watu wa barabara ya Kilwa wameniona mwendawazimu.

Mafundisho yake ni machache. Fimbo hupiga fimbo, si mtu. Ukigusa mwili wa mwenzio, weka fimbo chini umpe shikamoo, hata akiwa mtoto, hata akiwa adui. Naye aitikie. Ndipo mchezo uendelee. Nilimwuliza sababu. Akaniambia nimalize godoro la mwenye duka.

Jumapili, 6 Julai

Jumamosi ijayo binti wa jirani anaolewa. Kirumbizi kitachezwa uwanjani, na mzee kasema nami nitaingia. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Shangazi, ninayeishi naye, alishika kiuno: "Ukivunjwa meno, mwanangu, tutakuoza kwa nani? Kwa yule kinyozi kibogoyo?" Halafu akaenda kunitafutia suruali ya kuvaa ndani ya kanga.

Seif, kuli wa bandarini na mwanafunzi wa mzee wa siku nyingi, kasema yeye hachezi na mwanamke. Simpendi Seif. Ndiye ninayetaka kucheza naye.

Jumanne, 8 Julai

Nimeharibu.

Tulikuwa tunacheza, mzee na mimi, Seif akitazama. Muuza kashata akapita. Mzee akageuza macho, fimbo yake ikanigonga begani. Kidogo tu. Akaiweka chini. Akainamisha kichwa, ndevu zake za hina zikagusa kifua.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mzee wa miaka sabini! Kwangu mimi! Uso uliniwaka. Nikapiga magoti nikamwambia shikamoo mimi. Hakuitikia. Alisubiri, kichwa bado chini. Seif akaguna. Nikachukua mkoba wangu, nikakimbia.

Jumatano, 9 Julai

"Jumamosi utatazama." Alisema hivyo bila kuacha sindano yake. "Kupiga unajua. Kuzuia unajua. Nimekupa heshima yangu, umeniacha pale chini mie na uzee wangu."

Seif hakukosa neno: "Mwalimu mzima, marahaba imemshinda!"

Nimelia. Kisha nimekasirika. Kisha, nikiwa naosha vyombo, nimeona ukweli. Nilidhani ile ni adabu. Ilikuwa woga. Nilitaka nionekane mtoto aliyelelewa vizuri kuliko nionekane mchezaji. Seif hakunitoa uwanjani. Nimejitoa mwenyewe.

Ijumaa, 11 Julai

Nilikwenda baada ya sala ya Ijumaa. Wazee watatu walikuwa barazani kwake wanakunywa kahawa. Bora wasingekuwepo. Nilisimama mbele yake, sikupiga magoti.

"Marahaba, Mzee."

Kikombe cha mmoja kilibaki hewani. "Shomari, huyu binti ni mzima?"

Mzee Shomari alitafuna kashata yake mpaka ikaisha. Makusudi, najua. "Imechelewa siku tatu," akasema, "lakini imefika. Kesho kanga uifunge juu, usije ukaikanyaga."

Nilitembea hadi pembeni mwa nyumba. Kisha nikakimbia.

Jumamosi, 12 Julai

Nimecheza!

Ngoma, zumari, vumbi. Mzee mwenyewe alimsukuma Seif mgongoni mpaka mbele yangu. Mwanzo alinichezea kama anafukuza nzi. Nilizuia. Akaongeza nguvu. Nilizuia. Kisha mkono ukanichelewa, fimbo yake ikatua kwenye kiwiko changu. Ngoma ikanyamaza.

Seif akawatazama watu. Akamtazama mzee, aliyekuwa anakagua kucha zake. Akaweka fimbo chini.

"Shikamoo." Kama mtu anayemeza kwinini.

Nilimtazama machoni. "Marahaba, Seif."

Vigelegele vilizima zumari. Shangazi alikuwa na sauti kuliko wote. Tukaendelea, na baadaye nikamgusa sikio. Nikampa shikamoo yake, sauti ya wazi. Akacheka, Seif yule! "Marahaba, Mwalimu. Na sikio nani atanilipa?"

Mzee kasema nina miguu ya bata. Nina furaha mpaka naona aibu.

Jumatatu, 14 Julai

Kiwiko kimevimba. Chaki naishika kwa shida.

Asubuhi wasichana wa darasa la kwanza walinisalimia mlangoni kama kila siku. Huwa naitikia wote kwa mpigo mmoja, macho yangu yakiwa kwenye rejista. Leo nilimwitikia kila mmoja peke yake, nikimtazama. Ni thelathini na wanane. Hesabu zilichelewa kuanza.