Parachuti Uliyotushonea

Dakota Kaskazini,
9 Juni

Kwako Dada Marit,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Alaska haijakuzidi nguvu. Kadi yako ya Krismasi ilifika. Nisamehe kuchelewa kujibu. Je, kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha? Sisi hatujambo. Mama amepanda viazi, na Baba anangoja shamba likauke ndipo aingize trekta. Mimi nimemaliza shule wiki iliyopita. Nilipoitwa jukwaani niliangaza viti vya nyuma nikitafuta koti lako la kijani, ingawa nilijua uko mbali.

Najua utataka habari za timu ya roketi, kwa kuwa uliianzisha wewe. Hatukufika fainali.

Mwaka huu roketi ilitakiwa ipande futi mia nane, ikae angani sekunde arobaini na moja hadi arobaini na nne, na yai bichi lililomo ndani lirudi bila ufa. Futi tulizipata mapema. Mayai nayo yalikuwa yakirudi salama, hata Corbin, nahodha wetu, akasema kuku wa kwao wana haki ya kuringa, maana watoto wao wameruka juu kuliko ukoo mzima.

Tatizo lilikuwa parachuti yako. Dada, uliishona vizuri mno. Ile nailoni ya chungwa uliyoikata kwenye hema la zamani, siku chache kabla hujaondoka, ilishuka polepole kama haina haja ya kufika chini. Kila jaribio tulizidisha muda. Tulifupisha kamba, roketi ikayumba kama mlevi na yai likapasuka. Mwalimu Haugen akasema dawa ni moja tu, tukate tundu katikati hewa ipite. Corbin alipiga hesabu siku mbili, akaniletea karatasi yenye duara la inchi tano. Akaniambia, "Tilda, fundi wa parachuti ni wewe. Kata hapo hapo, usinitie aibu."

Siku ya jaribio la mwisho upepo ulikuwa umelala, jambo la nadra kwetu mwezi wa Aprili. Niliipaka parachuti poda ya mtoto isigandamane, nikaikunja mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aiguse. Roketi ikapanda imenyooka, parachuti ikafunguka. Mwamuzi alihesabu kwa sauti, na alipofika arobaini na nne bado ilikuwa juu. Corbin akapiga kelele, "Shuka basi, wewe! Unangoja chai huko?" Ikatua sekunde ya hamsini na moja, yai zima kabisa, nami nikaikimbilia wa kwanza nikaikunja.

Mwalimu alidhani hewa ya joto ndiyo iliyoiinua. Corbin alikunja karatasi yake ya hesabu akaitia mfukoni. Baadaye nikasikia ameacha nia ya kusomea uhandisi, eti mtu aliyeshindwa hesabu ya tundu moja ataaminiwaje kujenga daraja.

Dada, tundu sikulikata. Nilikaa na mkasi mkononi, nikaona mishono yako midogo inayopinda kidogo pembeni, nikashindwa. Nguo zako Mama alishazigawa. Katika nyumba hii sijui kitu kingine kilichopita mikononi mwako na bado kinafanya kazi. Wakati wote walikuwa wakiiombea itue, mimi niliiombea ikae.

Jana nilikwenda kwao Corbin nikamwambia. Alichukua kalamu, akapiga hesabu upya mbele yangu, akiweka lile tundu. Ikatoka arobaini na tatu. Akasema taratibu, "Kumbe nilikuwa sahihi," na macho yakamjaa machozi. Kisha akaniambia kwamba kwa miezi miwili nimemwacha ajione mjinga, na hajui atanisamehe lini. Nikaona nastahili kuambiwa hivyo. Nilipofika mlangoni akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema hapana. Akasema, "Basi mwandikie, wewe. Unakumbatia kitambaa, na mwenyewe ana anwani."

Ndiyo maana naandika. Nimekukumbuka sana, Dada, na nimekukasirikia pia, kwa kuondoka nikiwa darasani bila kuniaga, hata kama ugomvi ulikuwa wako na Baba. Nijibu hata mstari mmoja, hata ukiwa wa kunigombeza, ila uniambie utakuja lini.

Mama anakusalimu. Baba naye angekusalimu, kama angejua naandika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Tilda