Pikapu ya Umeme na Sigara ya Baba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia ingawa arobaini yako tumeshaisoma na masufuria ya watu tumeshayarudisha, maana mdomo wangu haujazoea kuanza nawe kwa neno jingine. Nakuandikia kwa sababu moja. Ni jambo nililolisikia Alhamisi hii kwa mama yako mzazi, humu humu ndani. Baba, kweli wewe? Miaka yote ile?

Ngoja nianze mbali kidogo. Nikianza na lenyewe nitakugombeza, na marehemu hagombezwi.

Unaikumbuka siku ulipoing'oa injini ya pikapu? Nilirudi shule nikaikuta imelazwa uani kwetu Mwananyamala, juu ya mkeka wa wageni wa mama, inavuja oili. Mama amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Nilishtuka nikaangusha madaftari. Pikapu ile ndiyo iliyokuwa inatulisha tangu walipokupunguza kazi kule Kurasini. Ulikuwa ukibebea watu makabati na vitanda vyao wanapohama.

"Umeliua gari," mama akasema.

"Sijaliua, mama Zuhura. Nimelitoa kikohozi."

Ukacheka peke yako. Enzi za ruksa, za biashara huria, zilikuwa zimeanza, madukani sabuni na dawa ya meno zimejaa tele, lakini petroli bei yake ilikuwa inapanda kila tukigeuka. Wewe kazi yako bandarini ilikuwa kutengeneza yale magari madogo ya kunyanyulia marobota, mafoko, yanayokwenda kwa betri. Ulikuwa umenunua mota ya foko bovu, ukaiweka jikoni karibu na mtungi, na hoja yako ilikuwa moja tu: "Kama foko linanyanyua marobota ya katani kutwa nzima bila tone la petroli, pikapu itashindwa na kabati?" Mama akakujibu kwamba kabati halina tatizo, tatizo ni watoto kula. Mtoto mwenyewe nilikuwa mie peke yangu, lakini mama akigomba hutuzidisha.

Kisha ukaanzisha yale mafunzo yako ya Jumamosi. Mafundi wa gereji za jirani walikuja kwanza kukucheka, wakaja tena kuuliza, mwisho wakawa wanafunzi. Deo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila wiki, yule fundi kijana wa Moshi aliyekuwa hakai bila sigara. Nawe ulikuwa na sheria zako. Kabla mtu hajagusa waya ulipitisha sinia la mama. "Toeni saa, toeni pete, toeni viberiti." Sinia linajaa, Deo anaweka na sigara zake humo huku ananung'unika. Halafu unawasimamisha mbele ya betri za malori ulizozikusanya na kuwaambia maneno ambayo mie niliyakariri kuliko Fatiha: "Betri ikila umeme inapumua. Pumzi yake huioni, lakini inapenda moto kuliko petroli. Mlango wazi, dirisha wazi, moto ukae mbali."

Ubao hukuwa nao. "Shika," ulikuwa unasema. "Nikikueleza utasahau, shika." Wakashika kila kitu, mkono mmoja kazini na mwingine mgongoni kama wanaosubiri bakora, ili umeme ukimpata mtu usipite kifuani. Walifunga mota mahali pa injini, wakavunja, wakafunga tena kwa sababu wewe hukuridhika. Mie nilikuwa nawaletea maji, nikiona raha kwamba baba yangu ni mwalimu ingawa hana chaki.

Na ile siku pikapu ilipotoka uani! Mtaa mzima ulikuwa umejaa mlangoni. Ukageuza ufunguo, kimya. Watu wakaanza kucheka, mmoja akapaza sauti, "Limegoma hilo, lisukumeni!" Hajamaliza, gari likaondoka. Halikunguruma, halikutoa moshi, lilikwenda tu. Kicheko kikakatika. Mama muuza vitumbua akasema, "Yallah!" akavuta meza yake nyuma. Kuku hawakuondoka njiani kwa kuwa hawakusikia kitu, ikabidi upige honi. Mama mwenyewe, aliyenuna miezi, alibaki mdomo wazi. Lakini aliyenichekesha ni Bibi, mama yako. Alitangulia mbele ya gari akipunga khanga na kupiga vigelegele, anawaambia watu, "Mwanangu huyo! Mie ndiye niliyemzaa!" Bibi hakujua betri wala mota. Alijua amezaa.

Baada ya hapo pikapu ilibeba mizigo hadi Kinondoni na kurudi, na wanafunzi wakaongezeka. Mama akaanza kukuita fundi badala ya baba Zuhura. Ndipo wezi wakaruka ukuta na kuondoka na betri kadhaa. Kwa hasira ukazihamishia zilizobaki ndani, kwenye stoo iliyopakana na chumba cha Bibi, ukapigilia dirisha mbao na mlango ukawa unafungwa. Ukazichajia mle. Sikuona ubaya wowote. Na mie hotuba yako nilikuwa nimeikariri!

Siku ya balaa nilikuwa Chamazi kwa shangazi. Niliporudi nilikukuta wodini, uso umefungwa nusu. Betri zililipuka, yale maji makali yakakurukia, na jicho la kushoto likawa limekwenda. Mtaani wote walikuwa na habari moja, na habari hiyo ulikuwa umeitoa wewe mwenyewe kwa kinywa chako: uliingia stoo peke yako na sigara. Bibi alikuwa jikoni, ulisema. Mama hakuwepo.

"Sigara?" nilikuuliza. "Baba, wewe unavuta?"

"Kwa kificho," ukasema. "Mniwie radhi."

Nilipigwa na butwaa siku ile, na sikuwa peke yangu. Mama alinusa mashati yako mwaka mzima na hakupata hata harufu. Lakini pakiti aliikuta mfukoni, basi akaamini. Mtaani wakasema mganga hajigangi. Mjumbe wa nyumba kumi alipokuja kukuambia uondoe mabomu yako, ukawasha sigara mbele yake barazani, ukavuta, ukakohoa mpaka machozi yakatoka kwenye jicho lililobaki. Watu wakacheka sana. Nami nilicheka. Nilidhani ni aibu inayokukohoza.

Wanafunzi hawakucheka. Walikuja mara moja, wakasimama hapo uani, Deo akatazama lile sinia, wakaondoka na hawakurudi. Pikapu ukaiuza kwa wanunua vyuma. Miaka iliyofuata ulikaa barazani unatengeneza pasi na redio, jicho moja, na mtu akikuuliza habari za gari la umeme unamwuliza habari za watoto wake.

Kwenye arobaini yako Deo alikuja. Siku hizi ana gereji yake na vijana wake. Alikula pilau, akaomboleza vizuri, akanivuta pembeni. "Sista, mie Mzee namheshimu, yote ninayojua kanifundisha yeye. Ila ile ishu ya sigara ilituuma. Sie tunaacha viberiti kwenye sinia, yeye anaingia na moto? Tungekufa wote." Kisha akaniambia yeye na wenzake wanataka kuyarudisha yale mafunzo, na wanaomba stoo na ua wetu waanzie hapo. "Lakini kitu cha kwanza tutakachowafundisha vijana ni kosa la Mzee." Nikamwambia nitafikiri. Niliona haya, Baba, nikainamisha uso.

Sasa ije Alhamisi. Wageni wameondoka, mama yuko sokoni, alasiri imetulia. Bibi amekaa kwenye kibao chake anapepea makaa ili afukize udi nyumba nzima, kama afanyavyo Alhamisi zote tangu nizaliwe. Ili tu nisikae kimya, nikakisifia chetezo chake, nikasema kimedumu.

"Hiki? Hiki si cha zamani," akasema. "Cha zamani kilipasuka siku ya baba yako."

"Kilipasukaje, Bibi?"

"Kilinitoka mkononi. Si nilikuwa nacho mle stoo?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza stoo ipi.

"Ya mabetri, ipi tena? Ilikuwa inanuka mayai viza, na mie chumba changu ni hicho hapo, nitalalaje? Nikasema ngoja niitie udi. Nikafungua mlango, nikaingia. Hata bismillahi sijaimaliza, namsikia baba yako anakuja mbio kutoka uani, 'Mama, toka! Mama!' Akanishika, akanitupa huko nje, mie chini. Mara puu! Masikio yangu yakavuma siku ngapi sijui. Kumbe alikuwa na sigara yake. Wodini akaniomba nisimwambie mtu kwamba nilikuwemo, wasije wakazidi kumlaumu." Akatikisa kichwa. "Angechelewa kidogo ningekufa, Zuhura. Mwanangu kaniokoa. Ila sigara, mjukuu wangu! Sigara ni mbaya."

Na akaendelea kupepea makaa.

Nilikaa chini pale pale, sakafuni. Nilimwangalia yule bibi kizee na makaa yake mekundu, nikaisikia sauti yako: moto ukae mbali. Hukuwa na sigara. Hukuwahi kuwa nayo! Ile pakiti uliinunua ili mama aikute. Kile kikohozi barazani kilikuwa cha mtu ambaye hajawahi kuvuta. Ulilala wodini, jicho limetoka, uso unaungua, ukapata akili ya kutunga uongo mzima na kumtoa mama yako kwenye habari ya stoo, ili asije akajua kwamba udi wake ndio uliompofua mwanawe.

Nilishtuka kuliko siku uliyokufa. Kifo chako tulikiona kinakuja, hili halikuwa na dalili. Na nikakasirika, nisikufiche. Ulimwachia Deo akudharau. Ulimwachia mama anuse mashati. Uliniachia mimi nikucheke! Na kosa lenyewe nusu lilikuwa lako kweli, maana dirisha ulilipigilia mbao kwa mkono wako. Ungesema hilo tu lingetosha. Lakini ungesema hilo wangeuliza moto ulitoka wapi, nawe hukutaka waulize. Halafu hasira ikanishuka, nikalia, Bibi akadhani nakulilia wewe. Hakukosea.

Nikainuka. Nilijua ninachokwenda kufanya. Nilitaka niende gerejini kwa Deo, nimwambie mbele ya vijana wake wote kwamba mwalimu wao hakuvunja sheria yake hata siku moja, na kwamba aliingia kwenye moto ambao hakuuwasha. Nikatwaa khanga, nikafika mlangoni.

"Zuhura."

Nikageuka. Bibi alikuwa ameacha kupepea.

"Kuna kitu kinanikera tangu msiba. Sigara yenyewe sikuiona." Alikuwa anasema taratibu, macho kwenye makaa. "Mdomoni hakuwa nayo, maana alikuwa ananiita. Na mikono yote miwili alinishika nayo hapa mabegani. Sasa hiyo sigara ilikuwa wapi?"

Tangu msiba anaigeuza kichwani, na sasa hupo tena wa kumtuliza. Alikuwa amebakiza hatua moja afike. Nilimwona anakiangalia chetezo.

"Ilimdondoka mlangoni, Bibi," nikasema. "Alipokuona akashtuka, ikamdondoka."

"Umejuaje?"

"Aliniambia mwenyewe. Kabla hajafa."

Akaniangalia. Nilimtazama usoni bila kupepesa, kama ulivyonitazama wewe wodini.

"Alhamdulillahi," akasema, na mabega yake yakashuka. Akaweka udi kwenye makaa, akaniomba mkono ainuke.

Khanga nimeirudisha kwenye kamba. Deo atakuja Jumamosi kuchukua jibu, na stoo nitampa. Dirisha nitalibandua mbao kwa mikono yangu. Atawafundisha vijana wake kosa la Mzee, nami nitawapitishia maji, na wakiniuliza nitasema ndiyo, baba yangu alikuwa anavuta.

Pumzika, Baba. Mama yako yuko salama kwangu.

Ni mimi binti yako, na sasa mwongo mwenzio,
Zuhura